Nimeenda Urusi mwenyewe, ila sikuwa mpweke

Jamani nimerudi juzi na miguu bado inauma. Tulikuwa watu 14, kila mtu kaja kivyake, yaani hakuna wale wapenzi wa kulishana keki mbele yako 😂 na muongozaji wetu mama wa makamo kashika mwavuli mwekundu juu kama bendera, ukichelewa dakika mbili anakuangalia tu unajikuta unakimbia.

Moscow walitupeleka mpaka stesheni ya metro ya Ploshchad Revolyutsii, kuna sanamu za shaba pale, mojawapo mbwa, mwili wote mweusi ila pua inang'aa kama dhahabu kwa sababu kila anayepita anaigusa apate bahati, na mimi nikagusa bwana, mara mbili. Halafu treni ya Sapsan, masaa kama 4 hivi upo St. Petersburg. Ilikuwa Juni, saa tano usiku nje kweupe, tukakaa kando ya mto Neva mpaka usiku wa manane kusubiri madaraja yafunguke meli zipite, yule bibi niliyepangiwa naye chumba akasinzia begani kwangu na kikombe cha chai mkononi, sijui hakikumwagikaje.

Mkitaka kwenda bebeni keshi, kadi za benki za kwetu hazisomi kule tangu 2022, mimi nilisimama dukani na kofia niliyotaka kununua kichwani nikairudisha. Ila saa hubadilishi, saa za Moscow ni zilezile za Dar.