Siku moja na wino usioonekana

Saa 1 asubuhi nafungua fremu yangu Kariakoo, nafagia, nafuta meza mara mbili. Natengeneza kadi za harusi kwa mkono: mihuri ya mpira, unga wa rangi ya dhahabu na wino usio na rangi. Wengi wakisikia mihuri wanadhani nachonga ya ofisi.

Saa 2 hadi saa 4, kukata na kukunja karatasi. Hakuna cha kusimulia.

Saa 4 naanza kugonga. Wino huu ni mzito, unanata na unakauka polepole. Kwenye karatasi nyeupe huoni kitu. Kwenye maruni, ua linatokea kwa rangi ileile ya karatasi, ila limekolea. Lazima uinamishe kadi ndipo ulione. Ukitaka ling'ae, unamwagia unga wa dhahabu wino ukiwa bado mbichi, unakung'uta uliozidi na kuurudisha koponi, kisha unapuliza hewa ya moto mpaka unga uyeyuke. Drai ya saluni haifai, inapeperusha unga kabla haujayeyuka. Na kwa jasho hili la Dar, kabla ya kugonga napitisha poda ya watoto kwenye karatasi, la sivyo dhahabu inashika hata palipoguswa na kidole.

Saa 5 na nusu akaingia shangazi wa bibi harusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona kadi zetu zina mafuta?"

Nikamwinamishia moja kwenye mwanga. "Ni maua ya asumini, mama. Yale mliyochagua."

"Tulichagua yanayoonekana."

Sampuli yenye saini yake ilikuwa mezani, haina tofauti hata chembe. Akapiga picha, akaituma kwenye kundi la kamati. Kamera ya simu haikuuona wino huu, kwa hiyo kamati nzima ikaona maruni tupu. Mwenyekiti akapiga simu, spika imewashwa: "Huyo katuuzia karatasi!" Mhazini naye akauliza kwa nini walipie wino usioonekana. Shangazi akavuta kigoda akakaa.

Sasa akataka kadi zote ziwe za dhahabu. Nikamweleza kwamba wino ukishakauka unga haushiki tena, na kugonga juu ya ua lilelile kwa mkono, bila kupishana hata kidogo, haiwezekani. Asumini zibaki, nikasema, dhahabu niweke kwenye majina ya maharusi tu. "Fanya moja nione." Nikagonga, nikamwaga unga, nikashika mashine ya hewa moto, na umeme ukakatika.

Hakuondoka. Alikula chapati zangu, akanisimulia harusi tatu za ukoo wao na kadi zake zote, ambazo zilikuwa nzuri kuliko hizi. Adhuhuri ikaadhiniwa, alasiri ikaadhiniwa. Umeme uliporudi nikapuliza. Unga ulikuwa wa kukwaruza, mara ukalainika, ukaungana, majina yakasimama yanang'aa.

"Kumbe," akasema. "Basi yote hivyo. Na kesho asubuhi."

Baada ya hapo sikutazama saa tena. Gonga, mwaga, kung'uta, puliza. Vidole vimeungua, mgongo umegoma, na kila kadi bado inadai mhuri wake wa singo (ya mtu mmoja) au dabo (ya watu wawili). Nikiwa nasafisha mihuri kwa kitambaa chenye maji, simu ikaingia. Shangazi: kamati imekaa, wanaomba dabo thelathini zaidi, na punguzo, kwa sababu nusu ya wino hauonekani.

Nimemjibu bei ni ileile.