Arusha hadi Namanga: maneno ya mpakani

Noah, hizi gari ndogo za abiria, za kwenda Namanga mpakani mwa Tanzania na Kenya hazina ratiba, zinaondoka zikijaa. Kutoka Arusha ni kama kilomita 110 kupitia Ngaramtoni, Oldonyo Sambu na Longido, lami mwanzo mwisho.

Siti ya nyuma yangu stori ilikuwa ya vijana waliozamia. Zamani mzamiaji alikuwa yule anayejificha melini. Sasa hata aliyepanda ndege kwa viza ya matembezi akagoma kurudi anaitwa hivyo. Akishafika majuu anajilipua: anaomba ukimbizi kwa hadithi ya kutunga, mara nyingi akidai ametoka nchi yenye vita. Jina wamelipatia, maana hadithi ikigongana na alama za vidole alizotoa kwenye viza, hana pa kurudi nyuma. Wengine wanabeba boksi tu, yaani vibarua vya kutumia nguvu, huku wakisubiri makaratasi ya ukaazi. Longido ikapita hatujaiona.

Namanga, vishoka, wale mawakala wasio rasmi, wanaikimbilia gari kabla haijasimama. "Unagonga, bosi?" Kugonga ni kupigiwa muhuri, na kwa raia wa Afrika Mashariki ni bure; kishoka analipwa kwa kukuonyesha dirisha ambalo lina kibao. Jibu "nimeshagonga", tembea.

Anayekwenda Kenya asipange foleni upande wa Tanzania. Tangu kituo cha pamoja kizinduliwe Desemba 2018, unalipita jengo la kwetu, unavuka, unaingia la Kenya. Humo afisa wa Tanzania anakutoa, wa Kenya anakuingiza. Kurudi ni kinyume chake. Beba pasi au hati ya dharura ya safari.

Kadi ya njano inawachanganya wengi. Kwa dereva ni bima ya gari inayotumika nchi jirani. Kwa abiria ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo inatambulika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kadi yenye tarehe ya leo haikusaidii leo. Ukishachanjwa, kadi ni ya maisha.

Bodaboda, jina lililozaliwa mpakani Busia, watakunong'oneza njia za panya. Kuvuka ni rahisi, sikatai. Shida ni baadaye: pasi haina muhuri wa kuingia, hivyo siku ukitaka kutoka kihalali, au ukisimamishwa barabarani ukielekea Nairobi, huna cha kuonyesha. Mzigo nao, hata uwe gunia moja la maharage, umeshakuwa magendo.