Kwa Bibi, Mwisho wa Reli

Siku hizi anayekwenda Kigoma hupanda basi, na mwenye nafasi hupanda ndege. Mimi nilikata tiketi ya treni ya zamani ya reli ya kati, daraja la pili la kulala, kwa kuwa nilikuwa nakwenda kwenye arobaini ya Bibi yangu Ujiji, na Bibi katika umri wake wote hakuwahi kuja kwetu Dar es Salaam kwa chombo kingine. Treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 ni nzuri na naisifu kwa dhati. Ila njia ya Bibi ni hii.

Maziko sikuyawahi. Simu iliingia alfajiri, na alasiri ya siku hiyohiyo alikuwa ameshasitiriwa, huku kati yangu na kaburi kukiwa na zaidi ya kilomita 1,200. Nikaazimia kusafiri kama alivyosafiri yeye: kila stesheni aliyozoea kununua kitu, nami ninunue.

Bibi hakujua kutuma salamu tupu. Yeyote anayemfahamu akipanda treni Kigoma, awe mwanafunzi anarudi chuo, awe askari kahamishwa, alibebeshwa mzigo: ndoo ya dagaa, galoni ya mawese iliyofungwa mdomo kwa nailoni na mpira wa baiskeli, chumvi kwenye mfuko wa kaki. Juu yake kipande cha boksi chenye jina la mpokeaji, kwa mwandiko wa mjukuu aliyekuwa karibu siku hiyo. Utotoni tulipelekwa stesheni kupokea. Mama alimpa mbebaji nauli ya daladala, mbebaji akaikataa, akasema Bibi ameshamlipa kwa kumlisha. Hata reli ilipokatwa na mafuriko kati ya Kilosa na Gulwe, mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, mizigo haikukoma, ilizunguka tu kwa basi. Nilipoipita sehemu ile kando ya Mto Mkondoa, treni ikitambaa, nilikuwa macho dirishani. Wenzangu chumbani walilala.

Saranda tulifika, na kabla treni haijasimama sawasawa wauza kuku walikuwa chini ya madirisha. Kuku wa Saranda anajulikana na kila aliyewahi kupanda treni hii: wa kienyeji, mkavu, mwenye chumvi ya kutosha, unapewa ukiwa bado wa moto. Bibi alikuwa na utaratibu wake hapa. Ananunua kuku mzima, anafungua kanga magotini, anamgawa vipande sawasawa na idadi ya watu waliomo chumbani, watoto wanaanza. Hakuwauliza kwanza kama wana njaa. Aliamini swali hilo humfanya mgeni aseme uongo, akatae huku tumbo linamuuma. Nikafanya hivyohivyo. Mzee mmoja aliyekuwa anashukia Urambo alipokea paja, akanitazama kidogo, akasema, "Mwanangu, wewe umelelewa na mtu." Nikamwambia ni Bibi, na kwamba nakwenda kumsomea. Akaacha kula, akaomba dua palepale, sote tukaitikia amina. Kisha akaniambia nile na mimi, maana nilikuwa nimesahau kujibakizia.

Tabora ndipo mabehewa yanapokatwa, ya Mwanza yaende zake na ya Kigoma yaende zake, na kusubiri ni kwingi. Abiria wengi hulalamika. Bibi aliipenda Tabora kwa ajili ya kusubiri huko. Alishuka na kopo lake la maji, akatawadha, akaswali, kisha akaketi na mama mmoja muuza asali ambaye urafiki wao wote, wa miaka na miaka, ulikuwa wa hapo stesheni tu. Hawakuwahi kutembeleana. Lakini walijua majina ya watoto wa kila mmoja na maradhi ya kila mmoja. Nilimuulizia mama huyo kwa wauzaji niliowakuta. Kijana mmoja akasema aliacha kuja zamani, miguu. Nikanunua asali kwa kijana huyo, chupa ya nyumbani na nyingine ya kupeleka kwa mama yule kama angeweza kunipelekea. Aliikubali kazi hiyo bila kudai kitu. Nilimwambia aseme imetoka kwa mjukuu wa mama wa Ujiji, naye atajua.

Baada ya Urambo na Kaliua nchi inanyooka, miombo mitupu, hadi unapovuka Malagarasi. Hapo nilianza kumlilia. Sijui kwa nini hapo. Labda ni kwa sababu yeye, akitoka kwetu, alikuwa akisema akishavuka Malagarasi ameshafika kwake, hata kama amebakiza saa nyingi.

Uvinza nilinunua chumvi. Imechemshwa hapa kutoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi tangu karne nyingi kabla ya reli, na misafara iliibeba mbali. Bibi hakutia chumvi nyingine kwenye samaki. Ya dukani alisema haikai kwenye nyama ya mgebuka, inaishia juu. Mama zangu wadogo wanapika vizuri, lakini niwe mkweli, hakuna aliyewahi kuupata ule mchuzi wake: mgebuka uliobanikwa kidogo, nyanya chungu, mawese ya wiki hiyo, na ugali wa muhogo pembeni.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na stesheni ya Wajerumani bado imesimama ikitazama ziwa. Mjomba alikuwa ananingoja nje. Hakusema kitu, alichukua mifuko yote mikono miwili, tukapanda daladala kupitia Mwanga hadi Ujiji.

Bibi alizaliwa Ujiji, ukoo wa Kimanyema, wazee wake walitoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za mji ule. Babu alikuwa kibarua wa njia ya reli na alifariki watoto wakiwa wadogo. Bibi akaingia kwenye dagaa. Alfajiri yuko ufukweni mitumbwi ikirudi na karabai zake, ananunua kwa beseni, anaanika juani, anapindua, jioni anafunga. Siku za mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika kwa kuwa taa haziwavuti tena dagaa, ndipo akiba yake inapouzika kwa bei nzuri. Siku hizohizo majirani wasio na kitu walikuja na vibakuli, na hao aliwajazia bila bei. Nilimuuliza utotoni anapataje faida. Akanijibu, "Wewe umelala njaa lini humu ndani?"

Jioni za kukamua mawese uani ndizo ninazozikumbuka kuliko zote. Chikichi zimechemshwa tangu mchana, zinatwangwa kinuni mpaka nyama iachane na kokwa. Bibi anakanda kwa maji ya moto, anakamua makapi kwa viganja, anatupa pembeni. Povu jekundu linapanda juu ya maji, analikusanya polepole kwa kata kwenda chungu kingine, na chungu hicho kinawekwa jikoni mpaka maji yaishe na mlio ubadilike. Alikuwa anausikiliza mlio huo ameinamisha shingo, mkono umetuambia tunyamaze. Mikono yake ilikuwa na rangi ya mawese kwenye kucha, haikutoka hata siku ya Idi.

Nyumbani nilikuta uani pamejaa, masufuria ya wali jikoni, wanawake wanachambua mchele, watoto wasiojua kilichotokea wanakimbizana. Hitima ilisomwa asubuhi ya pili baada ya sisi kutoka kaburini. Walipomaliza kula, mwanamke mmoja mtu mzima aliyevaa kitenge cha Kikongo akaomba aseme. Alivuka kutoka Uvira mwaka 1996, vita, mtoto mgongoni, akatua ufukweni hapo Ujiji hamjui mtu. "Mama alikuwa anaanika dagaa," alisema. "Akaniangalia, akaniambia, kwanza kula. Jina langu aliniuliza kesho yake." Bibi alimpa kitanda chake, yeye akalala mkekani, mpaka mwanamke yule alipopelekwa kambini na wenzake. Hata huko kambini mizigo ilimfuata. Mtoto aliyekuwa mgongoni alikuwa amesimama nyuma yake, mwanamume mrefu, ndiye aliyesukuma toroli la maji siku nzima na mimi nikidhani ni wa jirani.

Kisa hicho mimi sikukijua. Wala mama yangu. Tulipoulizana, kumbe kila mmoja wetu alikuwa na watu wa Bibi ambao wengine hawawajui.

Usiku ule Mama Mdogo alitoa daftari la shule, lile ambalo Bibi aliwaagiza wajukuu waandike majina ya wanaotumiwa mizigo. Lilikuwa na watu wa Dar, Morogoro, Tabora, kambini, hata Bujumbura. Akalisoma jina kwa jina, na sisi tukamjibu nani yuko hai, nani amehama, nani ana simu. Mjomba akasema dagaa atanunua yeye. Mwanamke wa Uvira akasema mawese ayaachiwe yeye na mwanawe, chikichi anazipata. Mama Mdogo akanigeukia mimi, "Wewe ndiye unayerudi na treni. Ya Dar na ya Morogoro unabeba. Ya Tabora unamwachia yule kijana wa asali, na namba yake unipe sasa hivi kabla hujasahau."

Nikatoa simu nikamsomea namba, naye akaiandika pembeni ya jina la kwanza la Tabora.