Herufi Moja Kila Nikiwasha

Juzi kompyuta ya nyumbani ilijizima katikati ya katuni. Ilipokuwa inawaka tena, skrini ikakaa nyeusi kitambo, kimstari cheupe kinapepesa kwenye kona, na binti yangu akauliza, "Baba, hapo inafanya nini?" Nikamwambia inaamka. "Najua inaamka. Inafanya nini?"

Ana miaka saba. Nikamwambia amalize uji wake, maana jibu la kweli lilinichukua miezi minane ya mwaka 2011, na sehemu kubwa ya miezi hiyo tulikuwa gizani kwelikweli.

Mnaoukumbuka mgawo wa umeme wa mwaka ule hamna haja ya maelezo. Nilikuwa nimerudi Tanga kwa mama, chuo nimemaliza, kazi sina. Kompyuta yangu ilikuwa Pentium III ya mtumba yenye kioo cha kisogo kirefu, ikiwaka tu chumba kizima kinanuka vumbi lililopata moto. Umeme ukikatika naandika msimbo kwenye daftari kwa mwanga wa kibatari, ukirudi nakimbilia kuuingiza. Ndiyo maana mfumo endeshi niliokuwa nauandika, yaani programu inayoisimamia kompyuta nzima, nikauita Kibatari. Kidogo, kinafuka moshi, na mwanga wake hauvuki pale ulipokaa.

Wenzangu wakisambaza barua za kuomba kazi, mimi nahangaika na baiti 512. Ndizo BIOS, programu inayokuja na kompyuta na ya kwanza kuamka, inazozisoma mwanzoni mwa diski. Inaziweka kwenye kumbukumbu pale 0x7C00 (hiyo 0x ni alama tu ya namba zinazohesabiwa kwa kumi na sita), inatazama kama mbili za mwisho ni 55 na AA, na zikiwa ndizo, inakukabidhi mashine nzima. Haikuulizi kama unajua kuiendesha.

Wiki za mwanzo nazipita haraka, hazina raha kusimulia. Kila nikijaribu kuitoa prosesa kwenye hali yake ya kale ya biti 16 niipeleke kwenye biti 32, kompyuta inajizima na kujiwasha, inajizima na kujiwasha, kama mtu anayeota ndoto mbaya. Kosa lilikuwa namba moja tu kwenye jedwali. Siku haikujizima, kwenye skrini (ambayo kwa prosesa ni kumbukumbu tu inayoanzia 0xB8000, herufi baiti moja, rangi yake baiti inayofuata) pakatokea neno KIBATARI, njano juu ya weusi. Nikatoka nje nikaizunguka nyumba mara mbili.

Lakini usiku ninaoukumbuka zaidi ni wa kibodi.

Umeme ulirudi saa mbili. Sasa, ukibonyeza kitufe, kibodi haikai kungoja prosesa ipite kuitazama. Inabisha hodi. Hodi inapokelewa na bawabu, chipu ya 8259, naye ndiye anayeikatiza prosesa: acha ulichoshika, kuna mgeni. Nilikuwa nimeandika kipande cha kumpokea mgeni huyo. Chukua namba ya kitufe kwenye mlango wa 0x60, itafute kwenye jedwali, andika herufi. Mistari kumi na kitu. Disketi ikaguna, KIBATARI ikatokea, saa niliyoiweka kwenye kona ikaanza kuhesabu. Nikabonyeza h.

h ikatokea.

Nimeshawahi kujaribu kuwaeleza watu ile h na nimeshindwa. Maisha yangu yote nilikuwa nabonyeza vitufe na herufi zinatokea, sijawahi kujiuliza zinapita wapi. Hii nilijua kila mahali ilipopita kutoka kidoleni mpaka kiooni, maana njia niliichimba mwenyewe. Ilikuwa ya kijivu, imepinda kidogo kwa ubovu wa kioo. Niliitazama sijui dakika ngapi. Kisha nikabonyeza o.

Kimya. Nikabonyeza tena, kwa nguvu, kama vile kitufe hakikunisikia. Kimya. Na kwenye kona saa inahesabu bila hata kuona haya, maana yake mashine haikufa, imeninunia tu. Nikazima, nikawasha. Nikaanza na m. M ikatokea, baada yake hakuna kitu. Nikazima, nikawasha. k. Herufi moja kila nikiwasha, kama chakula cha mgonjwa.

Mlangoni mama akabisha. "Hodi." Nilimsikia kama unavyosikia redio ya jirani. "Hodi." Nilikuwa nafuatilia jedwali la vitufe kwa kidole, mstari kwa mstari. "Hodi, mwanangu." Kisha kandambili zake zikarudi ukumbini. Mama ni mtu wa pwani. Hodi ni tatu, usipoitikiwa unaondoka, hata kama nyumba ni yako na aliyemo ndani umemzaa. Umeme ulipokatika saa sita ndipo nikatoka, nikapapasa mezani, nikafunua kawa. Wali na samaki wa nazi, tui limeshaganda.

Ningependa kuwaambia kwamba palepale, kawa mkononi, nikaelewa. Hadithi ingenoga. Sikuelewa kitu. Nilikula, nikalala. Jibu nililipata siku tatu baadaye kwenye intaneti kafe, katika maelezo ya chipu yenyewe. Bawabu akishaleta hodi, anangoja kuambiwa kwamba mgeni ameshapokelewa. Unaandika namba 0x20 kwenye mlango wa 0x20, mstari mmoja tu. Usipomwambia, mgeni yule na wote walio chini yake kwa cheo hawapitishwi tena. Saa nayo hubisha hodi kwa bawabu huyohuyo, na ina cheo kuliko kibodi, ndiyo maana yenyewe iliendelea kupita. Tena kipande cha kuipokea saa sikukiandika mimi. Nilikinakili mahali, na aliyekiandika alikumbuka kuitikia.

Nilimsimulia mama. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele, akasema, "Kwa hiyo mashine ndiyo imekufunza kuitikia." Haikunifunza. Mke wangu ni shahidi.

Kibatari nilikiweka hadharani kwa leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuusoma msimbo na kuubadili. Linus Torvalds alipoutangaza mfumo endeshi wake, uliokuja kuitwa Linux, Agosti 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki, alisema ni wa kujiburudisha tu na hautakuwa mkubwa. Nami niliandika hivyohivyo, ila mimi nilisema kweli. Miaka yote hii, sahihisho lililotoka kwa mtu nisiyemjua ni moja. Kwenye jedwali la vitufe nilikuwa nimeruka namba 40, ambayo ni ritifaa. Hakueleza mengi huyo bwana, au bibi. Aliandika tu kwamba ameshindwa kuandika ng'ombe.

Jana usiku nilikiwasha ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima, nimempakata binti yangu. Giza, kimstari, KIBATARI. Akaandika jina lake, akakosea, akatafuta cha kufutia. Hakuna, sikuwahi kufika huko.

"Halafu?"

"Basi. Ni hivyo tu."

Akafikiri kidogo, kisha akaanza kubonyeza ritifaa, moja baada ya nyingine, mpaka zikafika safu ya 80 na kushuka mstari wa chini. Tukawa tunazitazama zikishuka. Jikoni mama yake alikuwa anatuita, nadhani ni mara ya pili.