Nigra iking'aa, usikimbilie kuandika Parkinson

Hatua fupi, mwili mzito, misuli iliyokakamaa: dalili hizi zinaweza kuwa Parkinson yenyewe, au MSA (multiple system atrophy, kuharibika kwa mifumo kadhaa ya ubongo), au PSP (progressive supranuclear palsy, ugonjwa unaodhoofisha mwendo wa macho na mizani ya mwili), magonjwa yanayofanana nayo mwanzoni lakini mara nyingi levodopa, dawa kuu ya Parkinson, huyasaidia kidogo tu. Ultrasaundi ya ubongo husaidia kuyatenganisha, ila kwa sharti la kusoma sehemu tatu kwa pamoja: sabstansia nigra (kiini cheusi cha ubongo wa kati, kinachoharibika katika Parkinson), ventrikali ya tatu (uwazi wenye majimaji katikati ya ubongo) na kiini cha lentifomu (kiini cha ndani ya ubongo kinachosaidia kuratibu mwendo).

Mlaze mgonjwa chali. Probu ya megahezi 2 hadi 3.5 iwekwe panjani, mbele kidogo ya sikio, na jeli ya kutosha. Kina kiwe sentimita 14 hadi 16. Tafuta ubongo wa kati: kipepeo cheusi katikati ya mng'ao. Ndani ya bawa lake ndimo ilimo sabstansia nigra. Gandisha picha, ikuze, kisha zungushia mstari eneo linalong'aa, upande ulio karibu na probu tu. Kuanzia sm² 0.20 mng'ao huhesabika umezidi, kuanzia 0.25 ni mkali. Lakini mashine hutofautiana, kwa hiyo pima kwanza watu wazima wenye afya kwa mashine yako upate kikomo chake.

Tangu watafiti wa Ujerumani walipouripoti mwaka 1995, mng'ao huu umeonekana kwa takriban wagonjwa 9 kati ya 10 wa Parkinson. Tatizo ni kwamba mtu mmoja hivi kati ya 10 wasio na ugonjwa anao pia. Ndiyo maana mimi huipa uzito zaidi nigra isiyong'aa: mtu mwenye dalili zilizo wazi na nigra ya kawaida, MSA na PSP zipande juu kwenye orodha yako.

Sasa inamisha probu nyuzi 10 hadi 20 kuelekea juu. Ventrikali ya tatu huonekana kama mistari miwili sambamba inayong'aa. Pima kutoka ukingo wa ndani hadi wa ndani. Zaidi ya milimita 10 kwa aliyepita miaka 60, au 7 kwa aliye chini ya hapo, imepanuka. Kiini cha lentifomu hutazamwa upande wa mbali. Kikiwa kinang'aa huku nigra ikiwa ya kawaida, fikiria MSA. Ventrikali ikiwa imepanuka pia, PSP ndiyo inayoelekea zaidi. Kuna mtego hapa: aina ya PSP inayoiga Parkinson huweza kuwa na nigra inayong'aa. Katika CBD (corticobasal degeneration, kuharibika kwa gamba la ubongo na viini vilivyo chini yake) nigra nayo hung'aa, kwa hiyo uchunguzi wa mkono uliopoteza ustadi hauepukiki. Katika dementia ya miili ya Lewy (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na fahamu unaoendana na dalili za Parkinson) mng'ao huwa mkali pande zote mbili, karibu sawasawa.

Makosa mengi hutokana na geini (kiwango cha kukuza mwangwi) iliyopandishwa mno, au kiini chekundu, jirani wa nigra, kuingizwa ndani ya mstari. Usirudie kipimo ili kufuatilia ugonjwa. Eneo linalong'aa haliongezeki kadiri ugonjwa unavyoendelea.

Mfupa wa panja ukiwa mnene, hasa kwa wanawake wazee, mawimbi hayapiti. Hapo andika "dirisha halikupatikana", yaani mfupa haukupitisha mawimbi, kamwe usiandike "nigra ya kawaida", kwani anayesoma ripoti ataelekea MSA bila sababu.