Hamira iliyolala gizani

Nimeoka mikate miaka kumi na minne, na muda wote huo nilijua kwamba naijua hamira. Nikinusa naitambua ikiwa hai na ikiwa imechoka. Nikibonyeza donge kwa kidole najua limebakiza dakika ngapi. Lakini mkate ukishaingia kwenye tanuri, kwangu habari ya hamira imekwisha. Imekufa, basi. Wiki iliyopita nilishuka kwenye ghala la chini ya ardhi la kiwanda kimoja cha mvinyo, nikakuta watu ambao kazi yao inaanza pale pale yangu inapoishia.

Ni kiwanda kidogo na kinatengeneza kitu kimoja tu: mvinyo wa mapovu kwa njia ya jadi, njia ileile ya shampeni. Wenyewe hawauiti shampeni, kwa kuwa jina hilo ni haki ya jimbo la Champagne, Ufaransa. Hispania wana Cava, Italia wana Franciacorta, Afrika Kusini wana Cap Classique. Majina ni mengi ila sharti ni moja: mapovu yazaliwe ndani ya chupa.

Nilikuwa nikiamini gesi inapulizwa, kama kwenye soda. Wapo wanaopuliza, na wapo wanaouchachusha mvinyo mara ya pili ndani ya tangi kubwa, ndivyo zinavyotengenezwa Prosecco nyingi. Hapa wanaanza na mvinyo mtulivu usio na gesi hata kidogo. Mama anayesimamia ghala alinifungulia bomba la tangi nikaonja. Ulikuwa mwembamba na mkali, nikahisi meno yanakaza. Aliniambia ndivyo unavyotakiwa uwe. Zabibu huvunwa mapema, sukari haijapanda sana, ili ule uchachu ubaki wa kuubeba mvinyo miaka yote inayokuja. Zao ni Chardonnay na Pinot Noir. Pinot Noir ni nyeusi, lakini weusi wake uko kwenye ganda, kwa hiyo mashada hukamuliwa mazima, polepole, na maji yanatoka meupe.

Kisha mvinyo huo hutiwa hamira na sukari, unajazwa kwenye chupa na kufungwa kwa kizibo cha bati kama cha soda. Sukari ni kama gramu 24 kwa lita. Niliuliza kwa nini kiasi hicho, maana mimi nami ni mtu wa mizani, na jibu lilinifurahisha mno: kila gramu 4 hivi huzaa presha ya angahewa 1, na wao wanataka 6. Hiyo ni karibu mara tatu ya tairi la gari dogo. Nilipewa chupa tupu nishike, nikaona uzito wake, karibu kilo nzima ya kioo. Zamani, kabla vipimo havijaeleweka, chupa zilikuwa zikipasuka ghalani, moja inapasua jirani zake, na wafanyakazi walivaa vinyago vya chuma usoni. Ni mfamasia mmoja wa Ufaransa, Jean-Baptiste François, aliyeonyesha miaka ya 1830 jinsi ya kupima sukari iliyomo kabla ya kuongeza nyingine. Nimelipenda jambo hili. Mtu aliketi akapima, na watu wakaacha kupoteza macho.

Hamira ile hula sukari yote kwa wiki kadhaa. Hewa inayotoka haina pa kwenda, inayeyuka ndani ya mvinyo. Sukari ikiisha, hamira inakufa na kutua ubavuni mwa chupa iliyolazwa. Na hapo, badala ya kuitoa, wanaiacha.

Nilikuwa nimesimama mbele ya ukuta wa chupa zilizolala, joto nyuzi 12, hakuna sauti isipokuwa ya viatu vyetu. Sheria ya Champagne inataka mvinyo usioandikwa mwaka wa mavuno kwenye chupa ukae miezi 15 tangu kutiwa chupani, 12 kati ya hiyo ukiwa juu ya mashapo yake, yaani hamira ile iliyokufa na kutua. Ulioandikwa mwaka wa mavuno ni miaka 3. Hapa nilipokwenda wanaacha nyingine hadi miaka 5. Miaka yote hiyo, chembe za hamira zilizokufa zinajimeng'enya taratibu na kuuachia mvinyo vilivyokuwa ndani yake.

Mama alimimina glasi mbili. Ya kwanza ilikaa mwaka mmoja na mashapo: tufaha bichi, limau, safi kabisa. Ya pili ilikaa mitano. Nilipoinusa nilinyamaza. Lilikuwa ganda la mkate dakika ya kwanza linapotoka tanurini, lile linalolia likikutana na hewa baridi, na nyuma yake kama lozi zilizokaangwa. Harufu hiyo naipata kila alfajiri kwa sababu ya moto. Wao wameipata kwenye baridi, bila kuwasha chochote, kwa kungoja. Mama alinitazama akaniuliza, "Umeikuta, mwanangu?" Nikamwambia nimeikuta.

Shida iliyobaki ni ya kuyaondoa mashapo bila kupoteza mapovu. Anayetajwa kwa ufumbuzi huu ni Barbe-Nicole Clicquot wa Reims, mji wa Champagne, aliyefiwa na mume mwaka 1805 akiwa na miaka 27 na kuishika biashara yao ya mvinyo mwenyewe. Karibu mwaka 1816, yeye na msimamizi wa ghala lake, Antoine Müller, walianza kutumia mbao zenye matundu, chupa zinasimama kichwa chini na kugeuzwa kidogokidogo. Mbao hizo zipo hapa bado. Chupa nyingi siku hizi hugeuzwa na mashine, kizimba cha chuma kinachobeba takriban chupa 500 na kumaliza kwa wiki moja. Sina ugomvi nacho. Lakini zile za miaka 5 bado zinageuzwa kwa mikono, kwa wiki kadhaa.

Kila chupa ina mstari wa rangi nyeupe kwenye kitako. Ukiutazama mstari unajua imegeuzwa mara ngapi na inaelekea wapi. Kijana mmoja alikuwa kazini, mikono miwili, chupa mbili kwa wakati mmoja: anatikisa kidogo, anageuza thumni ya mzunguko, anaiinua mkia nywele moja zaidi, anahamia nyingine. Ilikuwa kama kusikiliza ngoma. Aliwasha tochi nyuma ya moja nikaona mashapo yanavyoshuka, uzi mwembamba wa rangi ya maziwa ukiteleza kwenye kioo hadi shingoni.

Akaniachia moja nijaribu. Niliigeuza kwa mkono wa mtu anayekanda unga. Uzi ule ukatifuka papo hapo, chupa nzima ikawa ukungu. Hakuna aliyenilaumu. Kijana aliichukua, akapiga alama ya chaki, akairudisha mwanzo wa safu ianze safari upya. Nimelifikiria sana jambo hilo: wiki zote hizo tena, kwa nguvu ya kiganja changu.

Mwisho ni kuifungua. Kwa kawaida shingo huzamishwa kwenye maji ya chumvi yenye baridi ya nyuzi 27 chini ya sifuri, mashapo yanaganda, kizibo kikitolewa presha inayasukuma nje yakiwa donge la barafu. Mama alitaka nione namna ya kale, bila kugandisha. Aliishika chupa kichwa chini, koleo mkononi, akaiinua kwa mkupuo mmoja huku anang'oa kizibo. Kiputo cha hewa kilikuwa bado kinapanda kuelekea shingoni alipofungua, mlio ukatoka, mashapo yakaruka, na kidole gumba kikawa kimeshaziba mdomo. Kupungua, ilipungua kijiko kama viwili tu. Nafasi hiyo hujazwa mvinyo wenye sukari kidogo au bila sukari kabisa. Ukikuta chupa imeandikwa Brut, ina chini ya gramu 12 kwa lita. Brut Nature haikuongezwa sukari na haifiki gramu 3. Nilikunywa ile palepale, haijatiwa kitu, na kwa maoni yangu sukari ingeiharibu.

Nilikuwa nimesogea karibu mno, mashapo yakanirukia mkononi. Sikuyafuta. Njia nzima nilikuwa nikiuinua mkono wa shati puani, na nilipofika nyumbani bado ulikuwa unanuka donge la unga lililoumuka usiku kucha.