Napoli: panda kwa mashine, shuka kwa miguu

Mwezi wa kumi mwaka jana nilikuwa Roma kwa mafunzo ya kazini, wiki mbili, na yalipokwisha nikabakiwa na siku tano kabla ya ndege. Wenzangu wakapanga kwenda Milan kuangalia maduka, mie nikasema naenda Napoli. Pale Roma kila niliyemtajia Napoli alinionya, oo wezi, oo pikipiki, oo uchafu, na mie mtoto wa Tanga niliyekulia Kariakoo maneno hayo nimeyasikia toka utotoni yakisemwa kuhusu mitaa yetu na watu ambao hawajawahi kuikanyaga, kwa hiyo ndo kwanza yakanitia hamu. Treni ya mwendokasi kutoka Roma ni kama saa moja na dakika kumi hivi.

Chumba nilichokodi kilikuwa karibu na Via Toledo, kizuri, kisafi, ila kiko ghorofa ya tano na lifti hakuna na tangazo halikusema. Nikabeba begi langu la kilo 23 mpaka juu nikapumzika kwenye kila korido. Nikafikiri shida ni ya nyumba ile tu, kumbe Napoli nzima ndo iko hivyo, mji umepandana. Na hili ndo ninalotaka kuwaelezeni kwa sababu siku ya kwanza nilikosea na nilipolijua kosa mji wote ukanifungukia.

Kosa lenyewe: niliangalia ramani kwenye simu nikaona mtaa wa Vomero uko hapo hapo, karibu kabisa, nikasema natembea tu. Ramani ya simu haikuonyeshi urefu wa mlima. Nikaingia kwenye ngazi moja inaitwa Pedamentina, ngazi 414 za mawe, za zamani, zinapinda pinda katikati ya kuta na bustani za watu, saa saba mchana, jua linawaka. Nilipofika kama nusu nimekaa chini nahema, mzee mmoja anashuka na mbwa wake akasimama akanitazama kwa huruma, akanionyesha kwa mkono kule chini, "signò, qua si scende". Yaani bibie, huku watu wanashuka. Basi akaniongoza polepole mpaka chini akanionyesha kituo cha funicolare, ile treni ya kamba inayopanda mlimani, ziko nne mjini, na ile ya Chiaia ilianza kazi mwaka 1889.

Kuanzia hapo nikajiwekea utaratibu mmoja na sikuuvunja tena: kila asubuhi napanda kwa mashine, iwe funicolare, iwe basi, iwe metro, halafu kutwa nzima nashuka kwa miguu mpaka niukute usawa wa bahari. Miguu haikuuma tena. Na cha maana zaidi, ukishuka ndo unaona mitaa inavyobadilika, kwa sababu Napoli wenye nafasi wako juu wanapata upepo na wanaiona bahari, na wa kawaida wako mabondeni wamebanana, kwa hiyo ngazi moja tu inakutoa kwenye maisha haya inakuingiza kwenye maisha yale.

Vomero juu pametulia, barabara pana, miti, maduka ya nguo, kina mama wanatembeza watoto. Sikukaa sana ila nendeni ngome ya Castel Sant'Elmo mpande mpaka juu ya paa. Pale mji wote uko chini yako, mlima wa volkano Vesuvio kushoto, bahari mbele, na utauona mstari mmoja mwembamba umenyooka kama umekatwa kwa kisu katikati ya mapaa, ndo Spaccanapoli, maana yake kinachoipasua Napoli, na ni njia iliyochorwa na Wagiriki walioujenga mji huu kabla ya Kristo na mpaka leo watu wanapita humo humo. Mie niliikariri kwa macho nikiwa juu ili nikishuka nisipotee, na kweli ilinisaidia.

Ukishuka Pedamentina na kuendelea chini unaingia Quartieri Spagnoli. Mtaa huu ulianza karne ya 16 kwa ajili ya askari wa Kihispania wakati Hispania inatawala, vichochoro vimepangwa kama mraba wa bao, vyembamba mpaka nguo zilizoanikwa juu zinakutana kutoka nyumba hii na nyumba ile. Watu wanaishi kwenye vyumba vya chini vinavyofungua moja kwa moja barabarani, wanaviita bassi, mlango uko wazi unaona kitanda, meza, televisheni, picha ya marehemu, na mama mwenye nyumba amekaa kitini nje anamenya maharage. Wageni wengi wanapiga picha humo ndani bila hata kuomba na kwa kweli iliniuma, ile ni sebule ya mtu. Mie nilikuwa nasalimia, "buongiorno signora", na wote waliitikia, mmoja akanisogezea kiti. Pikipiki zipo, ni kweli, zinapita kwenye upenyo ambao hata mimi napita kwa ubavu, ukisikia honi bana ukutani usikimbie, wanajua kukukwepa ukitulia.

Humo humo ndimo ulimo ule ukuta wenye picha ya Maradona, ulichorwa mwaka 1990 timu ya Napoli ilipochukua ubingwa wa pili wa Italia ikiwa naye. Watu wanaweka mishumaa, skafu, picha za watoto wao. Nilimkuta kaka mmoja mtu mzima anafuta machozi na wala hakuna aliyemshangaa.

Siku ya tatu nikaitoa kwa Spaccanapoli yenyewe. Hapa kuna kitu ambacho waliozoea kupita wanapita tu: kwenye uwanja mdogo unaitwa Largo Corpo di Napoli kuna sanamu ya mzee mwenye ndevu amejilaza, ndo mto Nile huo, umechongwa kwa sura ya mtu. Enzi za Warumi walikaa hapo watu kutoka Alexandria, Misri, wafanyabiashara, na sanamu ni yao. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Halafu ukienda mbele kidogo unafika Piazza San Domenico Maggiore, na pale kuna jengo la chuo kikuu kinaitwa L'Orientale, chimbuko lake ni shule iliyoanzishwa mwaka 1732 kufundisha vijana wa Kichina, na leo kinafundisha lugha nyingi pamoja na Kiswahili. Nilikuwa najua kwa kusoma, ila kulikuwa na wanafunzi wamekaa nje nikajitosa nikauliza kama kuna anayesoma Kiswahili, mmoja akaitwa kutoka ndani, msichana mdogo, akaja akasimama wima mbele yangu akasema "Shikamoo dada". Nikaitikia marahaba sauti ikakwama. Tulikaa saa nzima kwenye ngazi, akaniuliza kwa nini tunasema "gari limeharibika" halafu mwingine anasema "gari imeharibika", nikamweleza nilivyoweza.

Kuhusu kula, Waislamu wenzangu muwe makini: ile keki yao maarufu sfogliatella, asili yake inatiwa mafuta ya nguruwe, wanayaita strutto, na baadhi ya vya kukaanga ni hivyo hivyo, uliza kabla. Pizza marinara haina shida, ni nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni basi, mie ndo nilikula karibu kila siku. Nyama ya halali utaipata maeneo ya stesheni, Piazza Garibaldi, wanakokaa wahamiaji wengi, kuna maduka ya Wasenegali na Wabengali, hata ndizi za kupika zipo, na upande wa Piazza Mercato kuna msikiti, niliswali Ijumaa pale. Kahawa kunywa ukiwa umesimama kaunta kama wenyewe, ukikaa mezani bei ni nyingine.

Siku ya nne, Sanità. Hapa naomba mnisikilize maana ndo mtaa ulioniganda moyoni.

Nikapanda basi kwenda juu Capodimonte, tiketi nimenunua duka la sigara lenye alama ya T, nikaiweka kwenye pochi, sikujua kwamba lazima uigonge kwenye mashine ndani ya basi. Wakaguzi wakaingia, faini, pesa ambayo ningekula siku mbili. Bibi mmoja aliyekaa jirani yangu alinitetea mpaka anapiga paji la uso lakini wapi. Basi nyie gongeni tiketi mkishaingia tu.

Kule juu ndo unapoingilia makaburi ya chini ya ardhi ya San Gennaro, na safari yake ni ya kushuka vile vile, unaingilia mlimani unatokea bondeni Sanità. Wanaotembeza wageni ni vijana wa mtaa wenyewe, wana ushirika wao waliouanzisha mwaka 2006. Kijana aliyetuongoza alituambia yeye kazaliwa hatua chache kutoka pale. Akamulika tochi kwenye kaburi moja, mozaiki ya vijiwe vidogo vya rangi, mtu mwenye uso wa maji ya kunde, macho makubwa, kashika kitabu. Ni askofu wa Karthago, Tunisia ya leo, Quodvultdeus, alifukuzwa na Wavandali, kabila lililoiteka nchi yake, karne ya 5. Inasimuliwa yeye na wenzake walitiwa kwenye chombo kisicho na tanga wala kasia wakasukumwa baharini wafe, maji yakawaleta Napoli, na Napoli ikawapokea. Nilimtazama yule mzee usoni, Mwafrika aliyevuka bahari kwa chombo kibovu, karne kumi na tano nyuma, na wakamzika kwa heshima namna ile. Nililia kidogo gizani.

Ukitokea chini unakuta daraja kubwa juu ya kichwa chako. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wafaransa walitaka barabara iliyonyooka kwenda kasri ya Capodimonte, wakalipitisha juu ya mtaa, na Sanità ikabaki chini watu wanaipita bila kuiona. Lifti ipo ya kukuteremsha kutoka darajani. Na mwaka 1943 Wajerumani walipotaka kulilipua, waliozuia ni watu wa pale, akiwemo msichana Maddalena Cerasuolo, sasa daraja lina jina lake.

Kwenye kichochoro karibu na soko la Vergini bibi mmoja ghorofa ya tatu alikuwa anateremsha kikapu kwa kamba, ndani kuna noti imekunjwa. Kamba ikanasa kwenye kioo cha pikipiki akaniita kwa mkono, nikainasua, muuza duka akatia mkate na mayai sita kayafunga kwenye gazeti, kikapu kikapanda polepole, bibi akayahesabu mayai yote pale dirishani ndo akanibusu kwa mbali.

Chiaia na ufukweni nilipita siku ya tano, pazuri, pa matajiri, nimeona imetosha. Nilikuwa nataka nirudi Sanità niingie San Gaudioso, makaburi mengine yaliyo chini ya kanisa la mtaa, ya askofu mwingine aliyetoka Afrika kwa chombo kile kile, ila saa ya treni ilikuwa imefika. Tiketi ya San Gennaro inakuruhusu na kule, na inafanya kazi miezi kumi na mbili. Yangu iko kwenye pochi mpaka sa hivi, mwisho wake mwezi wa kumi.